Mguu wa Kuaga

Nianze na nyuki. Utaniuliza nyuki wanahusiana nini na mtu ninayetaka kukueleza, na mimi nitakujibu kwamba hawahusiani. Lakini nikianza mahali pengine napotea, kwa hiyo nivumilie.

Nilizaliwa mlimani, kijiji cha Ruanda, huku kwetu Mbinga, mahali ambapo shamba limesimama kama ukuta na watu wanalima ngoro, yale mashimo yanayozuia mvua isishuke na udongo wote bondeni. Baba alikuwa na kahawa kidogo na mizinga michache. Enzi hizo za Mwingereza palikuwa na Bwana Shamba, Mwafrika mwenzetu mwenye kofia ngumu na soksi za magotini, anayepita kukagua. Kung'oa kahawa marufuku. Kupanda mahindi katikati ya kahawa marufuku. Mti umeupanda mwenyewe, unaumwagilia mwenyewe, lakini si wako kuung'oa. Siku moja akafika kwetu, akagonga mzinga kwa fimbo.

"Hiki ni nini?"

"Nyuki, bwana," baba akasema.

"Nani kakupa ruhusa?"

Waliomjibu ni nyuki wenyewe. Mwanamume yule alikimbia na kofia yake mpaka akadumbukia ndani ya ngoro, akajilaza humo kifudifudi. Baba akasogea ukingoni taratibu, akamwambia kwa heshima zote, "Naona bwana leo umekagua mpaka chini kabisa." Tulicheka kwa siri, maana kucheka waziwazi kulikuwa na faini. Ila nyuki hawakuchagua rangi ya sare, na mimi pia waliniuma vibaya, macho yakafumba. Tangu hapo nikisikia mvumo wowote, miguu yangu inaondoka kabla ya akili.

Basi shangazi yangu, aliyekuwa ameolewa ziwani karibu na Ngumbo, akanichukua tukapeleke maharage tubadilishane na usipa, dagaa wa ziwa letu. Tunashuka, ziwa liko chini yetu limetandazwa, mara nikasikia mvumo. Vuuu, vuuu. Nikaingia kwenye mihogo. Shangazi alicheka hadi akatua mzigo.

"Toka huko wewe mtoto wa mlimani! Hao ni wanaume wa mganda!"

Nikachungulia. Wanaume wamejipanga mistari, kaptura nyeupe, mashati meupe, soksi nyeupe, kila mmoja ana kibuyu mdomoni. Kibuyu kile kinaitwa lipenga, kimetobolewa na tundu limezibwa kwa utando wa buibui, mtu akiimba ndani yake sauti inatoka kama nyuki elfu. Na mbele yao yuko kijana mrefu mwenye filimbi shingoni, anapiga hatua kana kwamba ardhi ni ngozi ya ngoma naye anaogopa kuipasua. Huyo ndiye ninayetaka kukueleza. Mimi nilibaki kwa shangazi nikakulia hapo ziwani, na sisi sote tulimwita Kepteni. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, lakini mwenyewe hakulipenda litajwe huku, basi nami silitaji. Aliko sasa sikujui. Hata mkewe hajui.

Ambaye hajaona mganda nimweleze kidogo. Ni ngoma ya wanaume wa ziwa hili, pande zote, huku na ng'ambo. Babu zetu waliona askari wa Mjerumani wakipiga kwata, wakaja wa Mwingereza wakapiga kwata, nao wakaichukua kwata wakaitia ngoma. Kundi la wachezaji linaitwa boma, kama boma la Serikali. Lina mkuu wake, Kingi, ambaye mara nyingi hachezi, anakaa kwenye kiti. Lina Dokta, lina Sajini, na lina Kepteni ambaye ndiye mwenye filimbi. Kijiji kinaalika boma la kijiji kingine, wageni wanakuja wanacheza, wanalishwa siku kadhaa, kisha wanaagwa.

Hapo kwenye kuagwa ndipo penye habari. Mgeni wa mganda haondoki hivihivi. Wenyeji wanajipanga mistari miwili ufukweni, wanacheza mguu wa kuaga, polepole, na wageni wanapita katikati. Mwanamke wa kijiji anamkabidhi Kepteni wa wageni kifurushi cha chakula cha njiani. Kisha wenyeji wanageuka wote kuutazama mlima, wanalipa mgongo ziwa, ili mgeni asione huruma katika nyuso zao akashindwa kwenda. Mgeni naye akishapita haangalii nyuma. Anayeondoka bila mguu huo ni mtoro.

Kepteni alikuja na boma la Likoma, kile kisiwa cha ng'ambo, muda mfupi kabla ya bendera ya Mwingereza kushuka huku. Wakati huo huku ni Mwingereza na kule ni Mwingereza, mtu unavuka kama unavyokwenda choo cha jirani. Sisemi ukoloni ulikuwa mzuri, Bwana Shamba nimeshakueleza. Nasema ilivyokuwa. Siku ya kuagana homa ikamshika Kepteni, akalala kwa shangazi yangu anatetemeka. Ziwa lilikuwa limetulia, wenzake wakaogopa upepo utawakuta, wakaagwa wakaondoka. Wakasema, "Huyu akipona mtamuaga, atatufuata."

Akapona. Akafunga kijishanduku chake cha bati, akaenda kwa Kingi wetu, mzee mnene mwenye sauti ndogo.

"Shikamoo Kingi. Nimepona. Naomba mniage."

"Marahaba, mwanangu. Tutakuaga. Ila mashindano yako wiki ijayo, na vijana wetu wanatembea kama bata. Wanyooshe kidogo, ndipo tukuage."

Akawanyoosha. Tukashinda, ng'ombe akachinjwa. Kingi akaonja ushindi, na ushindi ni kama chumvi. Akasema tumalizie mavuno. Baada ya mavuno akasema mwakani. Kila Kepteni alipokwenda, jibu lilikuwa hilohilo kwa sauti ileile ndogo: "Mwakani, mwanangu." Hakuna aliyemfunga kamba. Hakuna aliyemnyima chakula. Walimpa sehemu ya mkia wa kila mbasa aliyevuliwa, walimpa shamba, mwishowe wakampa mke, binti wa shangazi yangu, ambaye mimi namwita dada. Mguu wa kuaga tu ndio hawakumpa.

Najua unachotaka kuuliza, maana hata mimi nilimwuliza siku moja tukitengeneza malipenga. Nilikuwa kijana wa mstari wa nyuma wakati huo, nina mdomo.

"Kepteni, mitumbwi si ile pale? Kwa nini usipande tu?"

Alikuwa anabandika utando wa buibui kwenye kibuyu, kazi isiyotaka hata pumzi. Akamaliza kwanza.

"Achimwene," akaniambia, ndivyo alivyoita kila mwanamume, ni ndugu kwa lugha ya kwao, "mjomba wangu alikuwa keya, askari wa Mwingereza. Alipelekwa vitani Bama, mbali ng'ambo ya bahari. Vita vilipokwisha akachoka kusubiri kuruhusiwa, akarudi nyumbani mwenyewe. Tukachinja, tukacheza. Mwezi haukuisha, matarishi wa Serikali wakaja wakamfunga kamba mikono mbele ya mama yake. Kosa lake nini? Amerudi bila kuagwa. Bibi yangu alikuwa anawafuata na kibuyu cha maji, wanamfukuza kama mbuzi. Mimi niliona. Sitarudi kwa mama yangu namna hiyo."

"Lakini huu ni mchezo," nikasema. "Hapa hapana matarishi."

"Wewe unaucheza," akasema. "Mimi ninaishi nao."

Na wakati yeye anasubiri, dunia ikafunga milango mingine. Tulipata uhuru wetu, tukacheza mpaka viatu vikatoka soli. Ng'ambo nao wakapata wao. Haukupita muda wakubwa wa kule na wakubwa wa huku wakagombana kuhusu ziwa. Kule wakasema mpaka uliachwa na wazungu ukingoni mwa maji huku kwetu, kwa hiyo maji yote ni ya kwao. Huku tukasema mpaka uko katikati. Meli ikawa haivuki, mitumbwi ikaogopa, anayeonekana anatokea kule anaitwa mpelelezi. Ukisema basi apite nchi kavu, afuate ufukwe kusini mpaka Chiwanda aingie Msumbiji, ndiko kisiwa kiliko karibu, huko kulikuwa na vita vya Mreno. Wakimbizi walikuwa wanakuja upande wetu, nani aende upande wao? Mreno alipoondoka vikaja vita vyao wenyewe. Kwa hiyo mtu huyu, aliyevuka bila kuulizwa kitu zama za kutawaliwa, alizungushiwa uzio na uhuru wa nchi tatu. Nakuambia kama nilivyoona, mimi darasa la pili tu.

Ndipo akaanza ile tabia ya kutokanyaga maji. Mtu anaishi ziwani, hakanyagi ziwa! Alioga kwa ndoo nyuma ya nyumba. Mtumbwi ukiingia na samaki, wenzake wote wako majini hadi kiunoni wanauvuta, yeye amesimama kwenye mchanga mkavu, anashika kamba kutoka huko. Vijana walimchokoza.

"Kepteni! Si mnasema maji yote yenu? Njoo basi uchote yako!"

"Yangu nimewaazima," anajibu. "Ogeni vizuri, mnanuka."

"Ingia hata kidole!"

"Nikitia kidole nimevuka. Na sijaagwa."

Watu wanacheka, naye anacheka, lakini kidole hatii.

Alikuwa na mambo yanayopingana, sijui kama nitayaeleza vizuri. Hakuna aliyemsema mkoloni vibaya kuliko yeye. Alitufundisha hatua moja ya kuinama na kutikisa kitambi ambacho hatuna, akasema huyo ni Bwana Disii, mkuu wa wilaya wa kizungu, anaokota kofia yake, na akatuambia zamani Bwana Disii mwenyewe aliitazama hatua hiyo akapiga makofi. Lakini mtu huyohuyo alipiga pasi kaptura yake kila siku ya Mungu, kwa pasi ya mkaa, na soksi yako ikishuka kidogo tu anakutoa mstarini. "Unataka kumcheka mzungu na soksi imeanguka? Atakucheka yeye." Alikuwa Mwanglikana wa kuamka na kengele, sisi wengi Wakatoliki, na mazishi yetu yote alikuja akakaa nyuma, kwa sababu, alisema, mgeni haziki mbele.

Katibu wa chama alipokuja akakuta tuna Kingi na Kepteni, alikasirika. Akasema hayo ni mabaki ya kikoloni, kuanzia leo Kingi ni Mwenyekiti na Kepteni ni Katibu Mwenezi. Tukatii. Jumapili tukapanga mistari, na Sajini, ambaye sijui alipewa cheo gani, akapaza sauti, "Ndugu Katibu Mwenezi, geuza kikosi!" Ngoma ikafia hapo. Wanawake walikaa chini kwa kucheka. Hata katibu wa chama mwenyewe alijifuta macho, na habari ya vyeo hatukuisikia tena. Kepteni tu hakucheka. Baadaye alimfuata yule katibu, akapiga saluti, akamwomba: "Ndugu, kama una mamlaka ya kubadilisha vyeo, una mamlaka ya kuniaga?" Katibu hakuelewa. Akamwambia, "Mzee, wewe uko huru." Kepteni akashukuru, akarudi nyumbani.

Sasa hiyo nyumba. Dada yangu aliishi kwenye nyumba ya matete maisha yake yote ya ndoa. Wenzake walifyatua matofali, wakapandisha bati. Kepteni alikuwa na mikono, alikuwa na nguvu, alisaidia kujenga nyumba za watu, lakini yake ni matete. Kila yakioza anakata mengine. Hakupanda mwembe, hakupanda hata mchungwa. Alipanda maharage, maboga, vitu vya kuiva upesi. Muhogo alipanda dada, maana muhogo unataka mtu atakayekuwepo.

"Baba Fulani," dada alikuwa anamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, nami hilo pia naliacha, "mvua inaninyeshea kitandani."

"Nitaongeza matete, mama."

"Sitaki matete. Nataka ukuta."

"Mgeni hajengi ukuta kwenye kiwanja cha watu."

"Na mimi ni nani? Ni kiwanja cha watu?"

Anachukua pasi yake, anaweka mkaa. Dada aliniambia siku moja, anachambua usipa, haniangalii: "Mdogo wangu, watu wanasema nina mume. Mimi napikia mgeni. Kila asubuhi naangalia kama shanduku la bati liko mahali pake ndipo nachota maji." Watoto walikua, wakaenda Songea, wakaenda Dar, wakatuma bati. Bati likawekwa nyuma ya nyumba, likaota kutu kwenye mafungu yake.

Kingi wa zamani alikufa. Kabla ya kufa alimwita Kepteni, nasi tukadhani sasa atasema. Akamshika mkono, akasema kwa ile sauti ndogo, "Usiwaache vijana wakawa bata." Akafa. Ukingi ukashikwa na mwanawe, mtu mwema, mwenye duka na pikipiki, ambaye mganda kwake ulikuwa jambo la sikukuu na viongozi wakija. Vita vya Msumbiji vilikwisha zamani, mitumbwi ya injini inavuka tena kimyakimya, wakubwa bado wanabishana kuhusu maji lakini usipa haujui. Njia zilikuwa wazi. Kepteni alikuwa amezeeka, mgongo bado umenyooka kama ufito. Na bado hakuagwa, kwa sababu sasa hakuna aliyekumbuka kwamba anasubiri. Waliojua walidhani ni utani wake.

Wakaja watu wa vitambulisho vya taifa. Tukapanga foleni shuleni, mimi nyuma yake. Binti mmoja mpole akamwuliza, "Shikamoo babu. Wewe ni raia wa wapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi ni mgeni wa mganda."

"Hapana babu, nchi yako."

"Nilipokuja hapakuwa na nchi, palikuwa na Mwingereza. Sijaagwa bado. Nikiagwa nitakuambia."

Binti akanitazama mimi. Nikasema ni shemeji yangu, tunaishi naye, mwandike. Kepteni akageuka akaniambia taratibu, "Achimwene, usiniandike." Akatoka kwenye foleni kwa hatua zake zilezile.

Jioni hiyo dada alikwenda dukani kwa Kingi mpya. Nilikuwepo nikinunua sabuni. Hakusalimia hata.

"Wewe mtoto, muageni mume wangu."

"Mama, Kepteni? Aende wapi na uzee ule?"

"Haendi popote. Nimekaa na mgeni mpaka meno yameisha. Muageni, agano liishe, mzigo umtoke kichwani. Akishaagwa atakuwa mtu kama watu. Atanijengea ukuta, nife ndani ya ukuta. Baba yako alimfunga, wewe mfungue."

Kingi akanitazama. Mimi nikaona dada kasema neno la akili kabisa. Kila mtu kijijini aliona hivyo. Hata padri alisema ni vizuri. Tulidhani kinachomsumbua mtu yule ni ngoma, basi tumpe ngoma yake.

Tukafanya Jumapili baada ya misa. Dada alipika wali na kuku, sufuria kubwa, akaalika watu waje kula baada ya kuaga. Fundi wa matofali alikuwa ameshaitwa aje kuangalia kiwanja. Sisi wazee tuliobaki tukatafuta kaptura, nyingine hazifungi, tukachanganyika na vijana. Kepteni aliposikia, aliweka mkaa. Alipiga pasi. Akatoka amevaa nyeupe, soksi zimepanda, filimbi shingoni, na lile shanduku la bati mkononi. Tukatabasamu kuliona shanduku. Tukasema mzee anaucheza kweli.

Kwa sababu Kepteni wetu ndiye huyohuyo mgeni, hatukuwa na mtu wa kutuongoza, basi yeye mwenyewe akapuliza filimbi tuanze. Mistari miwili, mlima kushoto, ziwa kulia, uso wa mgeni kusini. Malipenga yakavuma. Nakuambia, miguu yangu ya mlimani ilitaka kukimbia kama siku ile ya mihogo. Akapita katikati yetu polepole. Aliponifikia akasema, bila kugeuza shingo, "Soksi, achimwene." Nikainama nikaipandisha. Mwisho wa mistari alisimama dada na kifurushi, ugali wa muhogo na samaki mkavu kwenye jani la mgomba. Akampa. Mikono ya Kepteni ikakaa juu ya mikono yake muda kidogo. Dada akamwambia, nilisikia, "Usichelewe, wali unapoa."

Kepteni akapuliza filimbi. Tukageuka wote, tukautazama mlima.

Upande wa kusini pale ufukwe unakatizwa na jiwe kubwa linaloingia ziwani. Wageni wa zamani mtumbwi wao uliegeshwa hapo. Kwa kuwa leo mtumbwi haupo, sote tulijua kwamba atafika kwenye jiwe, atageuka, atarudi tule. Mimi nilikuwa wa mwisho mstarini, nikachungulia. Alifika kwenye jiwe. Akakaa. Akavua kiatu kimoja, akavua na kingine. Akavua soksi, akazikunja vizuri, akazitia kwenye shanduku. Nikasema moyoni, anapumzika, ni mzee. Akasimama, akaweka shanduku kichwani, akaingia majini. Maji yakamfika magotini, yakamfika kwenye kaptura. Hakuangalia nyuma. Akalizunguka lile jiwe, taratibu, kwa hatua zake, mpaka likamficha.

Wengine hawakuona. Walikuwa wamesimama wima, mgongo ziwani, uso mlimani, malipenga mikononi, wanangoja filimbi ya kuwageuza. Kingi akanong'ona, "Mbona anachelewa?" Nyuma yetu nilimsikia dada anatembea kwenye mchanga, hatua chache, akasimama.

Tukaendelea kungoja. Filimbi alikuwa nayo shingoni.